Bata Mwenye Kura Nane

Dola yetu ilitugharimu bata mmoja, machungwa thelathini na sita, na jino langu la mbele. Nimehesabu mara mbili na jumla imetoka ileile. Wajukuu wangu wakinisikia nasema dola hunyoosha viganja, wakidhani nazungumzia zile za kijani. Nawaambia warudishe mikono. Hii yetu haikuwa na noti wala sarafu. Ilikuwa na mpaka, vita, mdhamini, uchaguzi na serikali, na yote hayo yalienea ndani ya hatua ishirini na mbili kwa hatua kumi na saba, hatua zenyewe za mtoto wa miaka tisa.

Nimekumbushwa na simu. Wiki iliyopita Shirini kanipigia kutoka huko aliko, penye theluji, akaanza kama aanzavyo siku zote: "Pengo, hujambo? Una nafasi, au unauza?" Nikamwambia nauza, ila wateja wa siku hizi hawanunui, wanashikashika tu. Akasema ana swali, tena la kisheria. Swali lenyewe nitalifikia. Kwanza mzijue habari zote, maana mimi simuuzii mtu kitu hajakigeuza pande zote.

Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga. Nyuma ya duka la babake Shirini, mkabala na nyumba ya Bi Mwanasha, palikuwa na sakafu ya saruji isiyokuwa na nyumba. Wakubwa walisema Mjerumani alitaka kujenga ghala, akamwaga sakafu, kisha vita vikamkuta akaondoka. Mimi nilidhani ni Mjerumani mmoja tu, aliyeitwa mara moja, na kwamba siku yoyote angerudi na kuta zake begani. Pale tulipaita Sakafuni. Mvua ikinyesha mtaa mzima ukawa uji, Sakafuni palikuwa pakavu kabla ya pengine popote. Jua likiwaka palichoma nyayo mpaka unacheza bila kupigiwa ngoma. Na baada ya manyunyu ya kwanza saruji ile ilitoa harufu ambayo sijaipata tena, kama chungu kipya kilichotiwa maji. Tulicheza rede, tukaruka kamba, tukapiga mpira wa matambara, na mtoto akianguka pale alijua ameanguka.

Tulikuwa tisa. Mkubwa wetu Hamisi, ambaye babu yake aliwahi kuwa askari wa Mjerumani, basi akahesabu kuwa sakafu ni mirathi. Elia alikuwa Mshambaa, Mlutheri, babake karani wa reli. Kwao walisoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungiwa samaki. Shirini mnamjua sasa, binti wa Mhindi mwenye duka, mrefu, mkimya, na kwenye rede hakuna aliyempata. Na mimi. Watano waliobaki walikuwa wadogo zetu na wadogo zake Hamisi, ambao kazi yao ilikuwa kulia na kukamilisha idadi.

Historia ya nchi ile ilianza na vita, kama za nchi nyingine. Watoto wa barabara ya juu walikuja alasiri moja wakasema Sakafu ni yao, eti dada yao mkubwa aliwahi kuifagia. Hamisi akataja babu. Wakamtukana babu. Ikawa vifuu vya nazi vinaruka. Vita yenyewe ilichukua muda wa kuchemka chai, na majeruhi alikuwa mmoja, mimi, niliyepigwa na kifuu jino la mbele likatoka. Leo nitasema ambalo sijalisema: jino lile lilikuwa la utotoni na lilikuwa limeshalegea siku nne. Lakini vitani anayehesabu hasara haulizi jino lilikuwa limelegea au la. Nilililia kwa sauti iliyowatoa akina mama majumbani. Jino jingine liliota mwaka uleule. Jina la Pengo halikung'oka mpaka leo.

Jioni wakubwa wakakaa barazani kwetu. Baba alikuwa fundi cherehani, na baraza yake ndiyo ilikuwa bunge la mtaa kabla mtaa haujawa na bunge. Akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Hiyo sakafu iwekwe chini ya udhamini, kama nchi ilivyowekwa. Mpaka watakapopata akili." Watu wakacheka. Mdhamini akateuliwa palepale: Bi Mwanasha, kwa kuwa mlango wake ulitazama Sakafuni na kwa kuwa sauti yake ilimfikia mtu aliye ng'ambo ya reli.

Neno hilo mdhamini nililijua, na hapo ndipo nilipopotea. Miezi michache nyuma mjomba wangu alikamatwa na polisi kwa kosa la kuendesha baiskeli gizani bila taa. Baba akaenda kumdhamini, na kabla ya adhuhuri mjomba alikuwa kwetu anakunywa uji. Basi mdhamini kwangu ni mtu anayekutoa. Niliposikia nchi nzima imo chini ya udhamini nikaelewa mambo mawili: kwamba nchi ilikamatwa, na kwamba kosa lake lilikuwa la taa. Nilikuwa nikikaa ngazini naiona Tanganyika, kubwa namna ile, inateremka mlima gizani haina taa, na polisi kasimama huko chini na kitabu chake. Niliihurumia. Na nilijipa moyo kuhusu Sakafu, kwamba Bi Mwanasha akishaidhamini, kesho kabla ya adhuhuri tutakuwa tunacheza.

Kesho yake kabla ya adhuhuri Sakafu ilikuwa nyeupe pe, imejaa makopa.

Bi Mwanasha alikuwa Mdigo wa Moa, akiuza unga wa muhogo, na kwa miaka yote alikuwa akianika makopa yake juu ya mikeka na magunia, kuku wakila, mvua ikilowesha. Sasa alikuwa na sakafu ya Mjerumani. Nayanusa mpaka leo makopa yale, uchachu wake na vumbi lake, kitu kama kitabu cha zamani kilicholowa kikakauka. Kwa mjomba, mdhamini alimtoa mtu ndani. Kwetu, mdhamini aliingia yeye.

Siku tatu tulikaa ukingoni tukitazama muhogo ukikauka. Siku ya nne tukaenda kupiga hodi, wote tisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja wengi. Mwataka maji au mwataka maneno?"

"Maneno," akasema Hamisi.

"Aseme mmoja. Mkisema wote n'tasikia kunguru."

"Tunataka Sakafu yetu."

"Yenu kwa karatasi gani?"

"Babu yangu alikuwa askari wa—"

"Babu yako namjua. Alikuwa akimbebea bwana mkubwa maji ya kunawa. Endelea."

Elia akasogea mbele, mikono nyuma, kama aliyeitwa ubaoni. "Bibi, udhamini una mwisho wake. Baba kasoma. Mdhamini anakaa mpaka wenyewe wawe tayari."

"Basi hamjawa tayari."

"Tutakuwa tayari lini?"

"Mkiwa tayari nitajua."

Nikauliza mimi, "Na makopa yatakuwa tayari lini?"

Bi Mwanasha akanitazama. "We Pengo, ulimi wako wapita penye jino hilo kama penye mlango." Lakini nilimwona anauma mdomo asicheke. Akatupa sharti. Tumletee mtu mmoja tuliyemchagua wenyewe, bila kupigana, bila kulia, na bila kumtaja babu wa mtu. Atasema na huyo. Tukishindwa, makopa yatakaa pale mpaka Mjerumani arudi.

Ikawa ni wakati uleule ambapo barazani kwa baba hapakuwa na mazungumzo mengine ila kura tatu. Wakubwa walikuwa wanakaribia kupiga kura, wale walioruhusiwa, na sheria ilikuwa kwamba kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukimwacha mmoja, zote zimeharibika. Babake Elia aliruhusiwa kwa sababu ya masomo yake. Baba yangu hakuwa na cheti wala kipato cha kutosha. Alikuwa na maoni, ila maoni hayakuwamo kwenye orodha. Watu wazima walibishana juu ya jambo lile mpaka chai ikapoa, lakini mimi nililielewa mara moja, maana ndivyo alivyokuwa akifanya babake Shirini. Sukari ikiadimika, sukari peke yake huipati. Unauziwa na kiberiti na sabuni, utake usitake.

Elia akashikilia kwamba na sisi tupige tatu. "Bila tatu si uchaguzi, ni makelele," alisema. "Na Bi Mwanasha akijua hatukufuata sheria, atasema hatujawa tayari." Hilo la mwisho ndilo lililotushinda nguvu.

Kiti cha Mwafrika aliwania Hamisi, nikawania na mimi.

"Pengo agombee?" akasema Hamisi. "Hata kusema serikali hawezi. Hebu sema serikali."

Nikasema. Ulitoka upepo. Wadogo zetu wakacheka, na nikawaandika moyoni, mmoja mmoja.

Kiti cha Mwasia hakikuwa na mashaka, tulikuwa naye mmoja tu. "Nifanye nini?" akauliza Shirini.

"Hufanyi kitu. Unakaa tu."

"Nitakaa," akasema. "Lakini msiniletee kazi baadaye mkasema nilikubali bure."

Taabu ilikuwa Mzungu. Mtaani kwetu Mzungu alipita siku za chanjo, tena ndani ya gari. Tukamfikiria padri, tukamfikiria picha kwenye kopo la maziwa, tukamfikiria mwanasesere wa binamu yake Shirini ambaye alikuwa hana kichwa. Hamisi ndiye aliyenyoosha kidole kuelekea uani kwetu. Bata dume la mama lilikuwa linakatiza uwanja, jeupe, kifua mbele, limewapita kuku bila salamu.

"Mweupe," akahesabu Hamisi kwa vidole. "Anatembea kama ana cheo. Na akisema hujui anasema nini."

Tukampa jina la Bwana Shauri, kama walivyoitwa wakubwa wa wilaya siku zile. Bata hakukataa. Elia aliandika kwenye daftari lake kwamba mgombea amekubali kwa kunyamaza.

Sasa mimi nikapiga hesabu. Wapiga kura tisa. Hamisi ana yake na za wadogo zake wawili, tatu. Mimi nina yangu. Watano wako sokoni. Mjomba yule wa baiskeli alikuwa akituletea machungwa kutoka Muheza, na wiki ile alikuwa ameleta kikapu kizima. Nikachukua thelathini na sita. Manne kwa kila mpiga kura, na ili mtu asiseme nimependelea, nilimpa Hamisi manne yake na wadogo zake manne manne, na mimi mwenyewe nikajihonga manne. Hamisi hakutoa kitu. Yeye aliahidi. Aliahidi mpira wa ngozi, wa kweli, wenye pumzi, ambao mpaka leo haujafika. Wote wakala machungwa yangu huku wanauzungumzia mpira wake. Hapo nilijifunza jambo ambalo limenifaa sokoni miaka yote: mteja akishaonja bure, mfuko wake unafungwa.

Tulipiga kura Jumapili, Elia alipotoka kanisani. Bi Mwanasha alisimamia, kakaa juu ya mbuzi yake ya kukunia nazi mlangoni. Utaratibu ulikuwa wa Shirini na Elia, na mpaka leo sijaona wa kuuzidi. Kokoto nyeusi ni Hamisi, kigae chekundu ni mimi, simbi la pwani ni Shirini, unyoya ni Bwana Shauri. Unaingia nyuma ya kanga iliyoning'inizwa kambani, unachukua kokoto au kigae, unaongeza simbi na unyoya, unafunga vyote kwenye karatasi kama zile za kufungia bizari dukani, kisha unatumbukiza ndani ya kopo la biskuti. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeshatumika, ndiyo maana kila kura ilinukia bizari, na mdogo wangu alipiga chafya humo ndani mpaka tukadhani ameharibu uchaguzi. Manyoya tisa yalitupotezea asubuhi nzima. Bwana Shauri aliyatoa kwa shingo upande.

Tukakaa duara. Bi Mwanasha akafungua kura moja moja juu ya ungo, kila moja akiiacha ndani ya karatasi yake, Elia akiandika, mimi nikihesabu.

Kokoto zilikuwa tano. Vigae vinne.

Hamisi akasimama, akavuta kaptula juu. Mimi nilikuwa nimeshika machozi, kwa kuwa sharti lilikuwa bila kulia, na nikahesabu tena, nikitafuta chungwa langu lilikopotelea. Simbi tisa. Kokoto na vigae, tisa. Manyoya, nane. Nikahesabu mara ya pili. Nane.

"Bibi," nikasema, "unyoya mmoja haupo."

"Umeruka na upepo," akasema Hamisi haraka.

Bi Mwanasha akainua karatasi moja, akaikung'uta. Ikatoa kokoto na simbi, basi. "Hii ya nani?"

Bata akalia mara moja, ukutani.

"Yangu," akasema Hamisi. "Mimi simpigii kura bata."

Elia hakuinua kichwa kwenye daftari. "Asiyepiga tatu, kura zake zote zimeharibika. Ndiyo sheria. Hamisi ana nne, Pengo ana nne."

"Yaani nimejiharibia mwenyewe?"

"Na simbi lako halihesabiwi. Shirini ana nane."

"Na bata?"

"Bata ana nane."

Hamisi akakaa chini polepole, kama mtu anayeingia maji baridi. "Bata kanishinda mara mbili," akasema. Sijui nani alianza, nadhani Shirini, lakini tulicheka mpaka mmoja wa wadogo akajikojolea, na Hamisi mwenyewe akawa anapiga sakafu kwa kiganja, machozi yanamtoka. Hayo hayakuhesabiwa kuwa kulia. Bi Mwanasha alilazimika kushuka kwenye mbuzi asije akakatwa.

Alipopata pumzi akatuuliza, "Haya. Pengo na Hamisi wamelingana, wakae. Wenye kura nane ni wawili. Mwataka kuongozwa na bata au na mtoto wa duka?"

Ningeweza kudai kura irudiwe. Nililifikiria hilo. Lakini machungwa yalikuwa yamekwisha, na nilipomtazama Shirini niliona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema, mimi ninayejidai nahesabu: katika sisi tisa, yeye peke yake ndiye aliyepigiwa na kila mtu, hata na Hamisi, hata na mimi. Tulimweka ili kukamilisha sheria, kama kiberiti kwenye sukari. Nikasema, "Shirini." Hamisi akasema, "Bora Shirini, bata atanitia aibu."

Shirini akasimama, akakunja mikono kama babake anavyofanya mteja akiuliza bei. "Bibi," akasema, "makopa unayaanika saa ngapi?"

"Jua likitoka."

"Unayaanua lini?"

"Alasiri, umande usiyakute."

"Asubuhi sisi tuko shule, wengine chuoni kusoma Kurani. Hata ungetupa Sakafu, ingekaa bure. Basi kaa nayo mpaka alasiri. Alasiri mpaka magharibi ni yetu. Na kuku wanakula makopa mangapi kwa siku?"

Bi Mwanasha hakuwa amehesabu.

"Jana vipande kumi na tisa," nikasema. "Nimehesabu mara mbili. Na mbuzi wa jirani alikula vinne."

"Hawa wadogo hawajaanza shule," akasema Shirini. "Watafukuza kuku. Wakati wa kuanua tutakusaidia wote, na Sakafu tutaifagia sisi." Hivyo ndivyo wadogo zetu walivyopata kazi serikalini, na wanne kati ya watano hawakutoka tena serikalini mpaka walipostaafu uzeeni, lakini hiyo ni habari yao.

Bi Mwanasha akatutazama sote, kisha akarudisha macho kwa Shirini. "Nyie wengine mlikuja kunambia mwataka nini," akasema. "Huyu kaniuliza mie nataka nini. Haya. Mko tayari." Akajifuta mikono, kisha akageuza macho ukutani. "Na huyo Bwana Shauri wenu? Mimi naondoka mikono mitupu?"

Shirini alimtazama bata, akamtazama Bi Mwanasha, hakunitazama mimi. "Atakwenda nawe," akasema.

Bwana Shauri aliondoka madarakani kwa heshima zote, ndani ya tui la nazi mbili. Bi Mwanasha alitualika wote tisa, akatupakulia juu ya sinia moja pale pale Sakafuni, na wali wa kutosha. Mapaja mawili walipewa Shirini na Hamisi. Mimi nilipata shingo. Sijawahi kula kitu kitamu kama shingo ile, na jua lilikuwa bado halijazama, na mpira wa matambara ulikuwa unatungoja pembeni.

Wakati wa kuingiza kuku bandani mama alihesabu. Alihesabu mara mbili, na hapo ndipo mtajua nilikorithi.

"Bata wangu yuko wapi?"

"Amestaafu," nikasema.

Baba akasimamisha cherehani. Nikawaeleza yote, kura, simbi, unyoya. Baba alicheka mpaka sindano ikakatika. Mama hakucheka. "Nani aliyempa ruhusa bata wangu kugombea?" akauliza, na adhabu ikatoka palepale. Nilimkunia nazi siku arobaini. Nilikuna nikiwa na furaha, maana kila alasiri nilisikia makopa yakikusanywa, sauti kama kokoto zinazomiminwa, na Shirini akiita kwa vidole viwili mdomoni, mluzi wa kukata anga. Ukiusikia unaacha nazi, unaacha mbuzi, unakimbia. Kwenye nchi yake sheria ilikuwa moja tu, kwamba aliyeanguka anainuka na zamu yake haipotei. Hata wale wa barabara ya juu walikuja, wakaomba, wakapewa uraia wa Ijumaa.

Na wakubwa nao wakapiga zao tatu. Baba alisema barazani kwamba waliwekewa kura tatu ili wagawanyike, wao wakazitumia kuchagua marafiki watatu. Nilitikisa kichwa kama mtu mwenye uzoefu. Udhamini wa nchi ulipokuja kwisha nilikuwa nimekua kidogo, lakini sikuwa nimeliacha lile langu. Nikamuuliza baba nani aliyekuja kuitoa nchi ndani.

"Wenyewe," akasema.

"Na ile taa?"

Hakuelewa. Lakini tulikuwa tumesikia kwamba wamepandisha mwenge mpaka juu kabisa ya mlima Kilimanjaro, unawaka, unaonekana. Niliridhika sana. Nchi ilikuwa hatimaye imefunga taa yake, tena mbele, mahali panapotakiwa.

Sakafu ipo mpaka leo, imefunikwa vigae, juu yake wanauza vipuri vya pikipiki. Nilipita mwezi uliopita kwa shughuli zangu, nikapima mpaka mlangoni. Hatua kumi na tatu. Nchi haikupungua, ni miguu iliyorefuka.

Sasa swali la Shirini. Anakwenda kumtembelea mjukuu wake nchi ya jirani na huko aliko, na kabla ya kuruhusiwa kapewa fomu. Ina kurasa kumi na moja. Nilimwambia azihesabu tena, zikawa kumi na moja. Katika ukurasa wa saba wameuliza: umewahi kushika madaraka katika serikali yoyote? Ndiyo au hapana. Akiandika ndiyo, chini yake anatakiwa ataje nchi. Akiandika hapana, atakuwa amesema uongo kwa maandishi, naye alichaguliwa kwa kura nane halali mbele ya msimamizi aliyekaa juu ya mbuzi.

Nilimpigia Hamisi. Raia wakubwa tulio hai tumebaki watatu, na yeye anatembelea mkongojo huko Muheza. Alisema aandike hapana, kwa sababu mshindi wa haki alikuwa yeye, na kwamba upepo ndio ulioruka na unyoya.

Kwa hiyo nikamwambia Shirini ushauri wangu unauzwa, na bei yake ni bata wa mama, ambaye yeye alimtoa na mimi nikamlipa. Nikamkumbusha kwamba kwa miaka yote hii bata yule angekuwa ametaga, na mayai yameanguliwa, na vifaranga navyo vimetaga. Nilikuwa nimefika bata mia nne. Akasema kutoka huko kwenye theluji yake, "Pengo, alikuwa dume."

Hesabu hiyo nimeifuta. Deni la bata mmoja nimelibakiza. Lakini jibu la fomu sina, ndiyo maana nawauliza nyinyi mliokuwa watoto wakati wetu. Anaipeleka Ijumaa. Aandike nini? Na mkisema aandike ndiyo, niambieni na pale chini, penye jina la nchi, ajaze nini. Sisi tulikuwa tukipaita Sakafuni tu, na nafasi waliyoacha, anasema, ni ndefu.